MFUMO NI WA BURE, HIFADHIDATA INALIPIWA
Hesabu anayopaswa kuifanya mnunuzi kabla ya kutia saini

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaoagiza seva kwa ajili ya hesabu za kampuni, orodha ya wateja na mali ya ghalani hupewa ankara yenye mistari mitatu mikubwa: mashine, mfumo endeshi na programu ya hifadhidata. Mara nyingi mstari wa pili husomeka sifuri, kwa sababu muuzaji ameweka Linux. Mnunuzi hufurahi na kutia saini. Baada ya mwaka mmoja hupokea madai yanayotokana na mstari wa tatu, na hapo ndipo anapogundua kwamba sifuri ile haikupunguza chochote katika gharama iliyo kubwa kuliko zote.

Makala haya yanaangalia soko hilo tangu makampuni makubwa ya hifadhidata yalipoanza kuuza bidhaa zao kwa ajili ya mifumo ya bure, nani alipata na nani alikosa, na mnunuzi wa kawaida azingatie nini.

BIDHAA ZENYEWE

Kwa msomaji asiye mtaalamu, mfumo endeshi ni programu inayoiamsha mashine na kugawa kumbukumbu, diski na mtandao kwa programu nyingine zote. Hifadhidata ni programu inayotunza kumbukumbu za biashara ili watu wengi waweze kuzisoma na kuziandika kwa wakati mmoja bila kuharibiana. Makarani wawili wakiuza gunia la mwisho kwa dakika ile ile, hifadhidata ndiyo inayoamua nani amewahi, na umeme ukikatika katikati ya malipo, ndiyo inayojua kama malipo yalikamilika au la.

Kwa hiyo mfumo endeshi ukiharibika, fundi huweza kuuweka upya siku hiyo hiyo. Hifadhidata ikiharibika na hakuna nakala ya akiba, biashara haijui inamdai nani na inadaiwa na nani. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wako tayari kulipia hifadhidata hata pale wanapokataa kulipia mfumo.

KABLA YA MWAKA 1998

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell za kampuni ya AT&T nchini Marekani. Kufikia miaka ya 1980 makampuni kama Sun, Hewlett-Packard na IBM yalikuwa kila moja na Unix yake, na kila moja ikauza mfumo huo pamoja na mashine yake. Aliyetaka hifadhidata ya kuaminika alinunua vyote kwa pamoja, na bei ilikuwa ya wakubwa: benki, mashirika ya ndege, makampuni ya simu.

Mifumo ya bure ilitoka pande mbili. Upande mmoja ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ikitumia pia zana za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Mwaka 1992 Torvalds aliiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, mradi anayeigawa atoe pia maandishi ya programu. Upande wa pili ni familia ya BSD kutoka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, iliyozaa FreeBSD na NetBSD mwaka 1993. Familia hiyo ilicheleweshwa na kesi ya haki miliki iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 1994, na Linux ikapata nafasi ya kutangulia.

Wakati huo wauzaji wakubwa wa hifadhidata hawakuwa na toleo la Linux. Mafundi walichukua Oracle iliyotengenezwa kwa ajili ya SCO Unix, wakaiendesha ndani ya Linux kwa programu ya kuigiza mfumo ule. Ilifanya kazi, lakini likitokea tatizo hapakuwa na wa kumpigia simu. Kwa kujifunzia ilifaa. Kwa daftari la kampuni ilikuwa kucheza kamari.

MWAKA WA MABADILIKO

Mwezi Julai 1998 Informix na Oracle zilitangaza kuwa zitauza hifadhidata zao kwa ajili ya Linux. Mwaka huo huo Sybase ilitoa toleo lake la 11.0.3 kwa Linux bila malipo, na mwezi Desemba IBM ikatoa toleo la majaribio la DB2. Mwaka 1999 SAP ya Ujerumani, ambayo programu zake za hesabu hutumiwa na makampuni makubwa duniani, ilitangaza kuunga mkono Linux. Mwaka huo pia Oracle, IBM, Compaq na Novell ziliweka fedha katika kampuni ya Red Hat. Hisa za Red Hat zilipofika sokoni Agosti 1999 kwa bei ya dola 14, zilifunga siku ya kwanza zikiwa zimepita dola 50.

Sababu yao haikuwa ukarimu. Mashine zenye prosesa za Intel zilikuwa zimeshuka bei na kupanda uwezo, na Microsoft ilikuwa ikiziuzia mfumo wake wa Windows NT pamoja na hifadhidata yake ya SQL Server. Wauzaji wengine wa hifadhidata walihitaji njia ya kumfikia mteja mwenye mashine ya Intel bila kupita katika duka la mshindani. Linux ilikuwa njia hiyo, na haikuwa na mwenyewe wa kuwatoza ushuru.

Mwanzo ulikuwa na matatizo. Katika mashine za Intel za wakati huo faili moja la Linux halikuweza kuzidi gigabaiti 2, hivyo hifadhidata kubwa ililazimika kukatwakatwa. Mfumo wa mafaili wa ext2 haukuweka kumbukumbu ya mabadiliko yake, na umeme ukikatika mashine ilikagua diski nzima kabla ya kufunguka. Oracle 8.0.5, iliyotengenezwa kwa maktaba za programu za wakati wake, iliwasumbua waliojaribu kuiweka kwenye Red Hat 6.0 iliyokuja na maktaba mpya zaidi. Kasoro mbili za kwanza zilianza kuondoka mwaka 2001, Linux 2.4 ilipokuja na mafaili makubwa na ext3. Mashine za biti 64 za aina ya Intel zilipoanza kuuzwa na AMD mwaka 2003, kisingizio cha kubaki na Unix ya gharama kilibaki kidogo.

Upande wa FreeBSD hali ilikuwa tofauti. Oracle haikutoa toleo lake kwa mfumo huo. Waliotaka walitumia toleo la Linux kupitia tabaka la FreeBSD linaloendesha programu za Linux, na mwongozo rasmi wa FreeBSD ulieleza hatua za kuiweka 8.0.5. Lakini kwa muuzaji, mashine hiyo haikutambuliwa. Ikumbukwe kuwa FreeBSD ni mfumo imara. Tatizo lilikuwa mkataba, wala si ubora.

NANI ALIPATA, NANI ALIKOSA

Waliokosa ni wauzaji wa Unix na mashine zake. Sun, iliyokuwa mfalme wa seva za hifadhidata, ilinunuliwa na Oracle yenyewe, mauzo yakakamilika Januari 2010. Kampuni ya SCO Group ilifungua kesi dhidi ya IBM mwaka 2003 juu ya Linux, na mwaka 2007 ikaomba kinga ya mufilisi.

Wauzaji wa hifadhidata nao hawakupona wote. Sehemu ya hifadhidata ya Informix ilinunuliwa na IBM mwaka 2001. Sybase ilinunuliwa na SAP mwaka 2010. Kwa mnunuzi hili lina maana kubwa: kati ya majina manne yaliyoingia Linux mwaka 1998, mawili yalibadilisha mwenyewe ndani ya miaka 12. Anayeingiza vitabu vya kampuni katika hifadhidata anaingia ndoa ndefu, na mwenzake anaweza kuuzwa.

Microsoft, ambayo ndiyo iliyowafanya wengine wakimbilie Linux, ilisubiri hadi Machi 2016 kutangaza SQL Server ya Linux, na ikaanza kuiuza Oktoba 2017. Leseni yake ni ile ile, iwe kwenye Windows au kwenye Linux.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo yote bei ya mashine ilishuka na bei ya mfumo ikafika sifuri, lakini bei ya hifadhidata haikufuata. Fedha iliyookolewa katika mistari miwili ya kwanza ya ankara ilihamia mstari wa tatu na katika mstari wa nne usioonekana siku ya kununua, yaani huduma ya msaada ya kila mwaka. Ndiyo maana Red Hat, kampuni inayojengwa juu ya mfumo wa bure, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Ilikuwa ikiuza dhamana na marekebisho, na wanunuzi wa hifadhidata walikuwa kati ya waliohitaji dhamana hiyo zaidi.

BEI ZA ORODHA

Bei zifuatazo ni za orodha za wauzaji, kwa dola za Marekani. Wateja wakubwa hupata punguzo kwa mazungumzo, na orodha hubadilika, hivyo msomaji aombe ya siku anayonunua.

Oracle Enterprise Edition: kwa zaidi ya miaka kumi orodha imetaja dola 47,500 kwa prosesa moja, na huduma ya msaada asilimia 22 kwa mwaka, yaani dola 10,450.

Oracle Standard Edition 2: dola 17,500 kwa kila soketi ya prosesa, msaada dola 3,850 kwa mwaka. Mashine isizidi soketi 2.

SQL Server 2022 Standard: dola 3,945 kwa kila viini 2 vya prosesa.

PostgreSQL: haina malipo ya leseni, wala haina kikomo cha viini.

Prosesa za siku hizi zina viini vingi ndani yake, na kila kiini kinafanya kazi kama prosesa kamili ya zamani. Kwa Enterprise Edition, Oracle huhesabu viini, kisha kwa prosesa za Intel na AMD huzidisha kwa 0.5.

Tuchukue mfano wa msambazaji wa bidhaa mwenye maghala matatu, anayenunua mashine moja yenye soketi 2 na viini 16 kwa jumla. Akichagua Enterprise Edition anahitaji leseni 8: dola 380,000, na msaada dola 83,600 kila mwaka. Akichagua Standard Edition 2 analipa dola 35,000, na msaada dola 7,700. Akichagua SQL Server Standard analipa dola 31,560. Mashine ni ile ile, Linux ni ile ile, na karani anayeandika ankara pale ghalani huenda asione tofauti yoyote.

Hapa kuna mtego ambao wengi huangukia. Muuzaji wa mashine husema kuwa kwa nyongeza ndogo mnunuzi atapata viini 32 badala ya 16. Kwa programu nyingine hiyo ni neema. Kwa hifadhidata inayouzwa kwa kiini, nyongeza hiyo ndogo huzidisha leseni maradufu. Wahenga walisema rahisi yavunja upishi. Kwa kazi hii inafaa kununua mashine yenye viini vichache vyenye kasi, na fedha inayobaki iende kwenye kumbukumbu na diski, ambazo wauzaji hawa hawazihesabu.

Mtego wa pili ni mashine pepe, yaani kuigawa seva moja kubwa kuwa seva nyingi ndogo kwa programu kama VMware. Mnunuzi huipa hifadhidata viini 4 na kudhani atalipia 4. Sera ya Oracle haiutambui mgawo wa namna hiyo kama kikomo cha leseni, hivyo anaweza kudaiwa viini vyote vya mashine inayobeba. Wakaguzi wa leseni hawaji siku ya kununua. Huja baada ya miaka, na madai yao huhesabiwa kwa bei ya orodha.

BURE YENYE MASHARTI

Je, mfumo wowote wa bure unafaa? Kiufundi mingi inafaa. Kimkataba ni michache. Oracle huithibitisha hifadhidata yake kwa Red Hat Enterprise, kwa SUSE na kwa Oracle Linux, ambayo ilianza mwaka 2006 ikifuata Red Hat. Debian haimo. Microsoft, kwa SQL Server 2022, iliikubali Ubuntu pamoja na Red Hat na SUSE. Aliye nje ya orodha anaweza kuambiwa arudie tatizo lake kwenye mfumo uliothibitishwa kabla ya kusaidiwa, wakati duka limefungwa na wateja wanangoja.

Makampuni mengi yaliepa malipo ya Red Hat kwa kutumia CentOS, iliyokuwa nakala yake ya bure. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS 8 itakoma mwisho wa mwaka 2021, badala ya mwaka 2029 kama watu walivyotegemea. Waliopanga miaka kumi walibaki na miezi kumi na miwili. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na tukio hilo, lakini mwenye hifadhidata ya kulipia ilimbidi aulize tena kama muuzaji wake anazitambua. Oracle Linux inaweza kupakuliwa na kutumiwa bure pamoja na marekebisho yake, na imo katika orodha ya Oracle. Kwa anayenunua hifadhidata ya Oracle hiyo ndiyo njia fupi ya kupata mfumo usiolipiwa unaokubaliwa na muuzaji. Ajue tu kwamba kamba zote mbili sasa zinashikwa na mkono mmoja.

DOLA NA SHILINGI

Kwa mnunuzi wa Tanzania kuna hesabu nyingine. Leseni hulipwa mara moja, lakini msaada hulipwa kila mwaka, na bei zake zimewekwa kwa dola. Mwaka 1998 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 700. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,500. Kila dola 10,000 za msaada zilizokuwa chini ya shilingi milioni 7 mwaka ule zilifikia zaidi ya milioni 25, hata kama muuzaji hakuongeza senti. Biashara inayouza kwa shilingi inabeba hatari hiyo yote peke yake.

Mwenye leseni ya kudumu akiacha kulipa msaada, haki yake ya kutumia programu haiondoki. Kinachoondoka ni marekebisho, yakiwemo ya usalama. Wapo wanaoendesha hifadhidata za zamani kwa miaka bila marekebisho, na zinafanya kazi hadi siku zitakapoingiliwa.

NJIA ZILIZOPO

Kwa biashara ndogo, yapo matoleo ya bure ya wauzaji hao hao. Toleo la bure la Oracle la mwaka 2023 lilikuja na mipaka ya uwezo wa prosesa 2, kumbukumbu ya gigabaiti 2 na data ya gigabaiti 12. Kwa duka moja au kliniki ndogo hiyo ni nafasi ya kutosha kwa muda mrefu. Upungufu wake ni kwamba hakuna msaada wa muuzaji, na data ikijaa mnunuzi atakuwa tayari amefungwa.

Kwa biashara ya kati, PostgreSQL inastahili kuangaliwa kwanza. Chimbuko lake ni mradi wa Berkeley ulioanza mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na jina lake la sasa ni la mwaka 1996. Gharama yake ni watu: mtaalamu anayeijua, na kazi ya kuandika upya taratibu zilizoandikwa kwa lugha ya Oracle, kazi inayoweza kuchukua miezi. Anayeanza upya hana mzigo huo. Mzigo ni wa anayehama.

Kwa wanaolazimika kununua, kwa sababu programu yao ya hesabu au ya benki haikubali hifadhidata nyingine, maswali haya yaulizwe kwa maandishi kabla ya kutia saini:

1. Leseni inahesabiwa kwa nini: kiini, soketi au mtumiaji? Mashine hii ina vingapi?

2. Je, kuna mashine pepe, sasa au katika mipango ya mwakani, na muuzaji anaihesabuje?

3. Mfumo endeshi huu na toleo lake umo katika orodha ya muuzaji wa hifadhidata? Utaacha kupata marekebisho mwaka gani?

4. Msaada wa mwaka wa pili hadi wa tano ni kiasi gani, kwa sarafu gani, na nyongeza yake ya mwaka ina kikomo?

5. Tukiamua kuhama, data yetu itatoka kwa njia gani, na nani atalipia kazi hiyo?

Muuzaji mwaminifu hujibu yote matano kwa siku moja. Anayejibu la kwanza na kuyakwepa mengine, mnunuzi aahirishe saini hadi yajibiwe. Na kabla ya mashine kuanza kazi, nakala ya akiba ifanyiwe jaribio la kurudishwa kwenye mashine nyingine. Jaribio hilo halina leseni ndani ya PostgreSQL, na kwa hifadhidata za kulipia mnunuzi aulize kwanza mkataba wake unaruhusu nini kwenye mashine ya pili, kwani hiyo nayo ina viini vya kuhesabiwa.